Mkaguzi Aliyekwenda Kulisikiliza Darasa la Viziwi

Sitaki kulisikia tena neno semina. Mtu akilitaja mbele yangu kichwa kinaniuma papo hapo. Nimefundisha watoto viziwi hapa kisiwani Mombasa miaka mingi, na katika miaka hiyo nimeitwa semina nyingi kuliko harusi, na mimi ni mtu wa Mji wa Kale, harusi hatukosi. Kila mradi mpya unaokuja kuwasaidia viziwi huanza kwa kuwatafutia hoteli watu wasiokuwa viziwi. Tunaingizwa ukumbini kwenye baridi ya mashine mpaka mabega yanakakamaa, tunapewa kalamu, chupa ya maji na sambusa, halafu anasimama mtu kutufundisha herufi za vidole. Kesho yake tunaimba wimbo kwa mikono, tunapigwa picha, tunagawiwa vyeti. Basi, kwisha! Ushakuwa mwalimu wa viziwi. Mtoto mchanga hupewa muda mrefu zaidi wa kujifunza kukaa.

Katika semina mojawapo nilikaa meza moja na bwana mmoja wa chuo cha ualimu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashuleni kuwakagua wanafunzi wa chuo wanapofanya mazoezi ya kufundisha, kisha kusema nani anafaa kuwa mwalimu na nani hafai. Alikuwa na kitambi cha heshima na miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa mchangamfu, hilo sitamdhulumu. Wakati wa chai alinifuata, akanionyesha jina lake kwa vidole, herufi moja moja, ncha ya ulimi imetokeza pembeni kama mtu anayetunga uzi sindanoni. Alipomaliza, chai yangu ilikuwa imepoa. "Si nimeiva sasa, mwalimu?" akaniuliza. Nikamwambia ameiva, maana sambusa zilikuwa zinakwisha na mimi nilikuwa na njaa.

Ningalijua kwamba mtu huyu ndiye atakayeletwa kumpima binti yangu, wallahi ningalimwambia ukweli palepale.

Nasema binti yangu, lakini sikumzaa. Mamake ni jirani yangu, mwanamke anayepika mahamri na mbaazi mlangoni pake kila asubuhi, na mtaa mzima unakula kwake. Aliniletea mtoto huyo angali mdogo, amejifunika ndani ya buibui la mamake, jicho moja tu ndilo linaonekana. Kwao walikuwa wakimwita bubu, mbele ya wageni, kana kwamba ndilo jina alilopewa alipozaliwa. Alikuwa na ishara chache walizojitungia nyumbani: kula, lala, wacha, baba anakuja. Hizo ndizo zilizokuwa dunia yake yote. Nilimfundisha nilichoweza, akapita, akaenda sekondari ya viziwi huko bara, akaingia chuo cha ualimu, akasoma kwa kunakili madaftari ya wenzake, na mwishowe akarejeshwa kufanya mazoezi yake ya kufundisha katika darasa lilelile alilokalia akiwa mdogo, darasa langu.

Akifaulu mazoezi hayo, anapata cheti, anakuwa mwalimu. Katika chumba kile hakuna mtoto aliyewahi kumwona mtu mzima kiziwi ameshika chaki. Asipofaulu, mjomba wake, mwenye kauli kwao tangu babake alipofariki, alikuwa ameshapitisha hukumu: masomo basi, arudi nyumbani amsaidie mamake kukanda unga. Mjomba mwenyewe shule ya msingi aliimaliza kwa kusukumwa, lakini kwa kuhukumu elimu za watu hana mpinzani Mombasa nzima. Binti aliutaka ualimu kuliko kitu chochote. Alinambia hivyo mwenyewe siku ya kwanza alipoingia, hata hajavua mkoba begani.

Chumba chetu kiko nyuma ya shule moja ya msingi, upande wa Bondeni. Zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Walipotuletea viziwi waliyatoa madawati, vumbi wakaliacha. Watu hudhani darasa la viziwi lina utulivu wa msikitini. Lo! Waje waone. Watoto wangu wanaburura viti, wanapiga miguu sakafuni kuitana, wanacheka kwa kifua kizima kwa sababu hakuna aliyewafundisha kucheka kwa adabu. Mwalimu mkuu alikuwa akija mlangoni na kunambia, "Mwalimu, waambie watoto wako wanyamaze, madarasa mengine hayasikilizani." Nami humjibu, "Waambie wewe." Anarudi zake ofisini.

Basi binti alipoanza kufundisha ndipo nilipoona kazi hii ni nini. Mimi nina droo imejaa vyeti, na nikizungumza kwa ishara naeleweka, lakini ni ishara za mtu aliyejifunza ukubwani, nzito, kila neno linakuja peke yake. Yeye alikuwa anaongea. Uso, mabega, nyusi, vyote vinafanya kazi. Watoto waliokuwa wakinitazama mimi huku macho yanakimbilia dirishani, kwake walikuwa wamekaa ukingoni mwa viti.

Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, mdogo, wa mtaani kwetu, ambaye alikuwa anauma watu. Mimi aliniuma mpaka nikazoea kuvaa mikono mirefu hata wakati wa joto. Hakuwa na lugha yoyote, ndiyo maana alikuwa anauma, na ungekuwa wewe ungeuma pia. Binti alikaa naye sakafuni, siku baada ya siku, hata mimi nikaona anapoteza wakati. Asubuhi moja mtoto yule akaingia mbio, akasimama katikati ya darasa, akatueleza, akatueleza hasa, kwamba paka wao amezaa na mmoja wa watoto hana mkia. Hiyo ndiyo habari ya kwanza aliyowahi kumpa mtu maishani mwake. Nilitoka nje nikalia karibu na tangi la maji. Nilifurahi, na niliona wivu, na sioni haya kusema.

Siku ya ukaguzi bwana akaja na gari la chuo, faili kwapani. Tukaamkiana vizuri, sabalkheri, u hali gani, nyumbani hawajambo. Kisha akawageukia watoto na kuwaonyesha jina lake kwa vidole. Watoto wangu wana adabu kwa wageni. Walimngojea. Herufi ya kwanza ikaja, tukangoja, ya pili ikaja. Mmoja akapiga miayo. Mwingine akaniuliza kwa ishara ya pembeni, "Huyu mzee mkono wake unauma?" Nikamkata jicho.

Akakaa benchi la nyuma, mimi kando yake, na binti akaanza. Somo lilikuwa mvua, inatoka wapi. Basi alikuwa bahari, akawa jua linaloichoma bahari, akawa mvuke, akawa wingu linalojaa na kunenepa mpaka haliwezi kutembea, akawa mama mtu mzima anayekimbilia kamba kuzianua nguo zake na kanga inataka kumvuka. Watoto waligongana kwa kucheka. Kila akisimama kuuliza, mikono inapanda darasa zima. Na bwana wetu? Bwana anatazama saa. Anatazama mabati. Anatazama feni letu ambalo halijazunguka tangu lilipofungwa. Somo lilipokuwa limeshika hasa, akaniinamia sikioni akaninong'oneza, ndani ya chumba cha viziwi ananinong'oneza!

"Mwalimu, somo linaanza saa ngapi?"

Nilidhani anafanya mzaha. Nikamtazama usoni, hakuna mzaha.

"Bwana, somo liko katikati."

"Mbona hasemi kitu?"

"Ni kiziwi. Na hawa ni viziwi. Unataka aseme na nani?"

Akanikunjia uso kama mtu niliyemtusi, akavaa miwani, akaanza kuandika. Somo lilipokwisha akaniita barazani, mimi, si aliyefundisha, akanipa uamuzi wake. Mwanafunzi wa chuo hakufaulu. Sauti yake haisikiki nyuma ya darasa.

"Nyuma ya darasa nani alikuwa hasikii?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Wewe peke yako?"

"Mwalimu, sheria ya chuo ni moja kwa wote. Mwalimu hupimwa sauti, hupimwa matamshi, hupimwa anavyouliza maswali."

Matamshi! Ebo! Kwa hiyo kipofu naye tumpime mwandiko? Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka kidogo, akanipigapiga begani, akasema yeye si mtu mbaya, atampa nafasi nyingine. Lakini safari hiyo lazima awepo mtu wa kuwa sauti yake, amfasirie kwa mdomo kila anachosema kwa mikono. "Wewe unafaa sana," akasema. "Una vyeti."

Jioni nilimchukua binti mpaka ufukweni, Mama Ngina, tukapunge upepo, nipate kumshawishi. Tukanunua mihogo ya kuchoma, ndimu na pilipili, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu mtu anayezungumza kwa mikono hawezi kugombana na huku ameshika mhogo. Akauweka wake ukutani juu ya karatasi. Kando yetu kulikuwa na familia imejaa kiti kizima, wote wametukodolea macho, baba yao mbele. Watoto wao walikuwa wanaiigiza mikono ya binti. Mama hakuwakanya.

"Sitaki," akanambia. "Sauti ni yako, si yangu."

"Ni njia ya kupita tu," nikamwambia. "Pita kwanza. Ukishaingia ndani, gombana nao utakavyo."

"Wewe ulipopimwa uwe mwalimu wa viziwi, nani aliitazama mikono yako?"

Siku yangu ya kupimwa naikumbuka. Alikuja bwana mmoja, kama huyu huyu, akakaa nyuma, akanisikiliza nikisema kwa ufasaha, kwa sauti kubwa, kwa matamshi ya Kimvita safi, mbele ya watoto wasiosikia hata honi ya malori ya Shimanzi. Akanipa maksi za juu. Watoto walielewa nini siku ile, Mungu ndiye ajuaye.

"Kula mhogo wako, unapoa," nikamwambia binti.

Alikubali, lakini si kwa ajili yangu. Alikubali kwa ajili ya mamake, ambaye siku hizo kila akimwona mjomba anakuja alikuwa anaingia ndani kujifanya anatafuta sukari.

Ukaguzi wa pili nilikaa kwenye kiti kando ya ubao. Somo lilikuwa lile lile la mvua. Bwana akaingia, akatutazama sote wawili, kisha akachukua kiti chake akakigeuza kunielekea mimi. Akakigeuza hasa, kwa mikono miwili, mgongo nusu kwa aliyekuwa akifundisha. Binti akaanza, nami nikafasiri: mimi ni bahari, jua linanichoma, naona nafsi yangu inapanda juu. Bwana anatikisa kichwa kuniitikia. Binti akatia utani wake wa nguo na kanga, nikausema, bwana akacheka mpaka miwani ikaruka kifuani, ananicheka mimi, ananitazama mimi, mtu niliyekaa kitako kama niko kwenye foleni ya hospitali, sijainua hata kidole.

Binti aliona. Akasogea, huku anaendelea kufundisha, akasimama mbele yangu kunikinga. Bwana akainamisha kichwa upande wa pili apate kuniona. Binti akasogea upande huo. Bwana naye akasogea. Nasema kweli, mtu mzima na faili lake, akinyosha shingo kumkwepa mwalimu ili amtazame mkalimani. Mwishowe binti akashusha mikono. Nami nikanyamaza, maana hakuna alichosema.

Bwana akanambia, "Endelea, mwalimu."

Akanambia mimi! Na mimi, badala ya kumrushia kifutio cha ubao, nikamgeukia binti nikamwambia kwa ishara, "Anasema uendelee." Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu anayenipenda. Halafu akainua mikono akaendelea mpaka mwisho, kila kitu mahali pake, bila makosa, na bila raha.

Somo lilipokwisha, bwana akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Somo lako limetulia, mwalimu. Na una sauti nzuri mashallah." Kwa binti akapunga kiganja, ile ya kumuaga mtoto aliye ndani ya gari.

Akafaulu. Mamake alipopata habari alipiga vigelegele hata walio madukani wakatoka kuuliza nani anaolewa. Siku hiyo mahamri hakuuza, aligawa. Mjomba akaja, amevaa kanzu, akaketi katikati ya ukumbi akasema elimu iko katika damu yetu. Kila mtu akamwitikia, maana ukimpinga mjomba yule maneno yake hayana mwisho. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mama mtu, nakula, nimefurahi, sina habari.

Binti akatoka chumbani na ile karatasi ya matokeo. Akapita mbele ya mjomba wake, akaja akaniwekea mapajani.

"Ni yako," akanambia. "Somo lako limetulia."

Kumbe alimsoma bwana yule mdomo. Maneno mawili matatu tu bwana yule aliyatamka waziwazi, na yeye akayaona.

"Anasema nini?" mamake akaniuliza, bado anatabasamu. Nikatamani nidanganye. Sikuweza, kwa sababu binti alikuwa ananitazama mdomo. Nikawafasiria: anasema maksi ni zangu, hazitaki, anataka apimwe tena bila ya sauti yangu. Weh! Ukumbi ulichafuka. Mjomba akasimama, akasema ndiyo faida ya kumsomesha asiyesikia la mtu. Mama akajipiga kifua, "Mwanangu, umepewa na wewe unakataa? Unamkatalia nani?" Na mimi nilikasirika kuwashinda wote. Nilimfokea kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, nikamwambia ni mjinga, ni mshupavu, anajua mangapi nimeyameza kwa ajili yake, anajua kuna wangapi wangeichukua karatasi hii wakaibusu?

Akaningoja nimalize. "Nikianza kwa sauti yako," akanambia, "watanipa kazi kwa sauti yako. Kila shule nitakayopelekwa wataniuliza, mwenye sauti yuko wapi? Na wewe hutaishi milele."

Kesho yake alikwenda chuoni. Nilimfuata, maana hasira zangu hazikunizuia kuwa na wasiwasi. Tukaingizwa katika ofisi moja yenye maua ya plastiki, mbele ya mabwana na mabibi ambao kazi yao ni kuwatoa walimu wa viziwi. Aliwaandikia ubaoni, wanao ubao mle ofisini, kwamba anazikataa maksi hizo kwa sababu hazikuwa zake, na anaomba aje mkaguzi anayejua lugha ya ishara. Walitazamana. Mmoja akasema ni kiburi. Mwingine akasema ni ugonjwa. Wa tatu, aliyekuwa na akili kidogo, akaniuliza pembeni kama tunamjua mkaguzi yeyote wa namna hiyo, kwa sababu wao hawana.

Hawana! Chuo kinachowafunza watu kufundisha viziwi, na katika jumba zima hakuna hata mmoja anayeweza kumuuliza kiziwi habari za asubuhi na akalielewa jibu. Lakini vyeti wanatoa. Wakafikia uamuzi wao. Atarudi bwana yule yule. Hapatakuwa na mkalimani, si ameyataka mwenyewe. Na safari hii atakachosema bwana ndicho cha mwisho: akimfelisha, mazoezi yote atayarudia muhula ujao tangu mwanzo. Binti akatia sahihi kabla sijamaliza kumfasiria.

Wiki hiyo hiyo nikaletewa mwaliko wa hoteli. Nimechaguliwa kuwa mkufunzi katika semina ijayo, kwa kuwa mkaguzi mmoja amesifu jinsi ninavyofundisha. Karatasi yenyewe ilikuwa nzuri, nene. Niliitumia kufungia bizari.

Asubuhi ya ukaguzi wa tatu binti akaniamkia vizuri, akanibusu mkono kama desturi yake, halafu akanionyesha mlango.

"Leo utatoka nje. Ukiwepo ndani atakutazama wewe."

Nikatoka. Darasa langu mwenyewe, nimefukuzwa. Nikasimama uani kwenye dirisha la nondo, juani, mtandio nimejifunika usoni kama mtu anayevizia mume wa mtu. Bwana akaja, hana bashasha za mara ya kwanza. Akaingia, akatafuta ukutani, akatafuta kando ya ubao, akaniona dirishani.

"Mwalimu, ingia basi!"

Nikamtikisia kichwa.

"Sasa mimi nitajuaje?"

Ilibidi niuume ulimi, kwa sababu majibu ninayo mengi.

Akakaa. Binti alibadilisha somo: siku hiyo lilikuwa Marikiti, kununua na kuuza, hesabu za kujumlisha na kutoa. Watoto wakawa wachuuzi. Yule mtoto wetu aliyekuwa akiuma watu alipewa kuuza samaki, na alikataa kupunguza bei hata kidogo. Kila mteja aliyemjia alimvuta samaki wake kifuani na kumwambia mteja akanunue ndizi. Nilicheka peke yangu pale juani. Ndani bwana alianza na zile zake: mabati, saa, feni. Lakini safari hii sikio lake halikuwa na pa kushika. Watoto wakaangua kicheko, akageuka kuona wanacheka nini, akakuta wote wanatazama mahali pamoja. Akatazama. Akarudi kwenye faili. Wakacheka tena, akatazama tena. Baadaye niliona kalamu yake imelala juu ya faili. Alikuwa amekaa amemtazama binti, mdomo wazi kidogo, na hakumwondoa macho mpaka somo likaisha.

Nilisema moyoni, ameona, alhamdulillahi, hata kama hakuelewa ameona.

Akatoka, akanikuta barazani. Alikuwa amelowa jasho.

"Sikuelewa kitu," akanambia.

"Watoto je, walielewa?"

"Inaonekana. Wanajibu, wanagombana, wanahesabu. Lakini wanajibu nini, mimi sijui. Siwezi kupasisha kitu nisichokijua, mwalimu. Sheria ni sheria."

"Basi hapo aliyeshindwa ni nani?"

Akaenda zake kwenye gari, na nadhani alikuwa na haya, lakini haya zake hazikumzuia kuandika. Amefeli. Arudie yote muhula ujao.

Nikaingia darasani kumwambia, nikakuta anajua. Alishausoma uso wa bwana kabla hajafika mlangoni. Hapo nikapasuka. Nilisema kwa mdomo, nilisema kwa mikono, nikamtukana bwana yule na kitambi chake na chuo chake na hoteli zake zote kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na watoto wakasogea mbele wapate kuona vizuri, kwa sababu ishara zile nyingine hawakuwahi kuziona kwangu. Nikamwambia, na mjomba wako je? Na mamako je, utamwambia nini? Kisha nikalia, mtu mzima, mbele ya darasa.

Akanishika mikono, akaiteremsha taratibu, anavyomfanyia yule mtoto akitaka kuuma. Akangoja mpaka nikawa namtazama.

"Mama nitamwambia mwenyewe," akasema. "Muhula ujao narudia. Ulimwona alivyokuwa ananitazama?"

Nikamwambia nilimwona.

"Mara ile ulifaulu wewe," akanambia. "Leo nimefeli mimi."